Walisema bwawa letu ni daraja la "Juu": tathmini yangu ya wahandisi waliotukagua

Niseme mapema: mimi ndiye mtunza bwawa. Si mwenye mgodi, wala si mhandisi. Nilianza kazi kwa kumshikia fito mpima ardhi, nikapanda hadi nikawa napima mwenyewe, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nazunguka ukuta wa bwawa la topesumu (lile tope linalobaki mawe yakishasagwa na kutolewa madini) kila asubuhi na daftari, futi kamba na buti zilizolika visigino. Mgodi ni wa familia. Hauna hisa sokoni, na mkutano wa bodi hufanyika sebuleni. Ndiyo maana naandika. Nilipokuwa natafuta watu wa kutufanyia kazi hii, tathmini zote nilizokutana nazo zilikuwa za migodi mikubwa yenye idara nzima ya mabwawa. Za mgodi kama wetu sikuona hata moja.

Niliyoyapima ni haya: kampuni ya ushauri, watu wanne (mhandisi kiongozi, mtu wa maji, mtu wa udongo na kijana wa droni), siku nne uwanjani, ripoti iliyoahidiwa baada ya wiki sita ikafika baada ya wiki kumi na moja. Kazi waliyopewa ni kutupangia daraja la bwawa na kukagua usalama wake. Hayo ni mambo mawili, na nitaeleza. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobaki nayo wanajua kwa nini, maana niliwaambia wao kwanza.

Mjue tulikotoka. Miaka tisa iliyopita alikuja mkaguzi mwingine, wa kampuni nyingine. Alikaa juu ya ukuta dakika arobaini. Kwenye kitako cha ukuta, upande ule ambako maji yakitoka ndiko yatakakoelekea, hakushuka hata hatua moja. Fomu aliijazia garini, kiyoyozi kikinguruma, na penye kisanduku cha daraja akaandika "Chini". Karatasi mbili tu. Mama mwenye mgodi (sote tunamwita Mama) akaziwekea fremu akazitundika ofisini. Kila mgeni aliyeuliza habari za bwawa alinyooshewa kidole pale: "Lile limepimwa, ni la hatari ndogo."

Na mimi niliamini hivyo. Hilo naliandika kwa aibu.

Mhandisi huyu mpya ndiye aliyetufungua macho, tena siku ya kwanza kabla hata hajavaa kofia ngumu. Alisoma ile fremu akaniuliza, "Mzee, hii 'Chini' wewe unaielewaje?" Nikamjibu kuwa ukuta ni mzima, hauwezi kuvunjika kirahisi. Akatikisa kichwa. Daraja halisemi neno lolote juu ya uzima wa ukuta. Linajibu swali moja: bwawa hili likipasuka, nani watakufa na nini kitaharibika? Mti uliooza katikati ya mbuga tupu ni wa daraja la chini. Mti mzima, mbichi, wenye mizizi yake yote, ukiwa umeinamia paa la chumba cha watoto, ni wa daraja la juu. Afya ya mti ni ukaguzi mwingine, na unaufanya kwa bidii zaidi pale penye watoto. Marekani, ambako serikali kuu ina madaraja matatu tu, bwawa huingia daraja la juu kabisa pale ambapo kupasuka kwake kuna uwezekano wa kuua hata mtu mmoja, uwe ukuta umejengwa mwaka jana au una nyufa.

Basi mtu aliyetundika karatasi ya daraja kama cheti cha afya ametundika kitu kisichohusika. Sisi tuliitundika miaka tisa.

Kazi yenyewe walianzaje? Nilidhani tutapanda ukutani. Mhandisi akauliza, "Chakula cha mchana mnakulia wapi?" Nikafikiri dada wa watu ana njaa. Nikampeleka kantini. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akageuka, akautazama ukuta wa bwawa ulivyosimama nyuma ya paa, mita 18 kwenda juu, umbali ambao kijana mwenye mbio anaumaliza kabla hajaanza kuhema. Akaniuliza kantini ilijengwa lini. Miaka sita iliyopita, baada ya ile karatasi. Vyumba vya kubadilishia nguo je? Mwaka uliofuata. Tulivijenga hapo kwa sababu ndipo palipokuwa na uwanja tambarare, na kivuli cha ukuta jioni kilikuwa kizuri.

Akaniambia habari za Brumadinho, Brazili. Nilikuwa nimezisikia kwenye redio, ila sikuwahi kuzisikia nikiwa nimesimama mahali kama pale. Tarehe 25 Januari 2019, mchana, saa ya chakula, bwawa ambalo lilikuwa limeacha kupokea tope miaka kadhaa lilianguka ghafla. Kantini na ofisi za mgodi zilikuwa chini yake. Watu 270 walikufa, wengi wao wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Ving'ora havikulia. Na bwawa lile lilikuwa na cheti cha uimara kilichotolewa miezi michache kabla.

Siku hiyo chakula hakikunishuka.

Kuhesabu watu kulichukua siku nzima na nusu, na kwangu hii ndiyo sehemu inayowapa nyota mbili peke yake. Mkaguzi wa zamani aliandika "hakuna makazi". Hawa walisimama kwenye mabadilishano ya zamu na kihesabio cha mkononi, kile cha kubonyeza. Kantini na vyumba vya nguo: watu 64 mchana, 11 usiku. Kisha tukafuata bonde kwa miguu mpaka kwenye kivuko cha mto, tukavuka, tukakuta nyumba tano ambazo mimi mwenyewe nilijua zipo lakini sikuwahi kuzihusisha na kazi yangu. Waligonga kila mlango. Waliuliza nani analala ndani, nani mgonjwa, nani hawezi kukimbia. Watu 27. Kwenye nyumba ya tatu kuna bibi asiyesikia vizuri, na mhandisi aliandika hilo peke yake kwenye ukurasa wake. Jumla: watu 91 mchana, 38 usiku.

Kiwango walichotumia ni kile cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya topesumu kilichotoka Agosti 2020, kilichoandaliwa kwa pamoja na UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa), baraza la kimataifa la migodi, ICMM, na mtandao wa wawekezaji wa PRI. Kina madaraja matano, kutoka Chini hadi Kithiri. Kipimo cha watu walioko njiani mwa tope: hakuna mtu, ni Chini, 1 hadi 10, daraja la pili, 10 hadi 100, Juu, 100 hadi 1,000, Juu Sana, zaidi ya hapo, Kithiri. Mazingira, huduma za jamii na uchumi navyo huhesabiwa, na kile kinachotoa daraja kubwa kuliko vyote ndicho kinachoshinda. Sisi si wanachama wa baraza lile, hakuna aliyetulazimisha. Mama ndiye aliyesema tumieni kilicho kigumu.

Kwa hiyo tukawa Juu. Mhandisi akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, kwamba tukiajiri watu kumi wengine wa zamu ya mchana tutaingia Juu Sana bila kuongeza hata koleo moja la tope.

Hapo ndipo yule shemeji yake Mama, anayeshughulikia hesabu, aliposema bwawa letu ni dogo, tusitishwe na mambo ya Wabrazili. Jibu alilopewa nimelikariri. Stava, Italia, tarehe 19 Julai 1985: tope lililotoka lilikuwa kama mita za ujazo 180,000. Watu 268 walikufa. Letu lina 900,000. Shemeji alifungua kikokotoo cha simu, akagawanya, akakizima.

Sasa watu wengi hudhani daraja ni neno la kuandika kwenye ripoti likaisha. Halikuisha. Daraja ndilo linaloamua bwawa lijengwe kuhimili mafuriko gani. Daraja la Chini kwa kiwango kile hutakiwa kuhimili mafuriko yenye nafasi ya 1 kati ya 200 kila mwaka. La Juu, 1 kati ya 2,475. Mimi nilikuwa nikisikia "mafuriko ya miaka 200" nafikiri yanakuja mara moja, yanaondoka, tunakaa miaka 200 tukipumzika. Mtu wa maji alinikalisha kwenye boneti ya gari akanipigia hesabu: nafasi ya kuyaona mafuriko hayo angalau mara moja ndani ya miaka 50 ni kama asilimia 22. Zaidi ya moja kwa tano. Yale ya 2,475, kwa miaka 50 hiyohiyo, ni asilimia 2. Akaenda kupima utoro wa maji, ule mfereji wa kutolea maji yakizidi. Ulichimbwa kwa hesabu ya 200. Ukiwa na magugu, kama ulivyokuwa siku ile, sijui hata kama ulifika huko.

Na maji yakipita juu ya ukuta wa tope hayachelewi. Merriespruit, Afrika Kusini, tarehe 22 Februari 1994: mvua kubwa ya jioni, bwawa lililokuwa limebeba maji mengi juu yake likiwa na nafasi finyu ukingoni, watu 17 wakafa. Nilipoyasikia hayo nilikwenda kupima umbali kutoka uso wa maji hadi ukingo wetu mahali pa chini kabisa. Nilikuwa nikipima kila wiki, lakini kwenye nguzo ileile, ambayo imesimama mahali pa juu. Ukuta umezama kidogo upande wa mashariki. Tofauti: sentimita 34. Sentimita 34 ambazo daftari langu lilikuwa likizihesabu na hazikuwepo.

Siku ya tatu ndiyo ya chupa.

Kwenye kitako cha ukuta kuna bomba la kuchujia maji, yanatoka mchana na usiku. Ukuta wa namna hii lazima utoe maji. Ukikauka ghafla ndipo uogope. Mimi hupima kwa ndoo na saa: lita ngapi kwa dakika. Nina rekodi za miaka. Mhandisi alizipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema nzuri, halafu akauliza, "Rangi?" Nikamwambia ni maji tu. Akatoa chupa ya kioo mkobani, akaikinga, akaiweka juu ya boneti, tukaendelea na kazi nyingine. Tuliporudi baada ya nusu saa alinishika bega akanielekeza chini ya chupa. Kulikuwa na utando wa vumbi laini, mwembamba kama ukucha, rangi ya ukuta wetu.

Hakupiga kelele. Alisema maji safi yanayotoka ni ukuta unaopumua, maji yenye udongo ni ukuta unaoliwa kutoka ndani. Punje moja ikitoka inaiachia nafasi nyingine, njia inapanuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, na kwa nje huoni kitu mpaka siku ya kuona. Akaniuliza ni lini maji yalianza kuwa hivyo. Sikuwa na jibu. Daftari langu lilikuwa na safu ya tarehe, ya saa, ya lita na ya mvua. Safu ya rangi halikuwa nayo. Miaka kumi na miwili.

Kilichonifurahisha kwao ni kwamba hawakusubiri ripoti. Jioni ileile walimwandikia Mama barua ya ukurasa mmoja: shusheni maji ya bwawa, wekeni kichujio cha mchanga na kokoto pale bomba linapotokea, mzee apime asubuhi na jioni. Mtu wa udongo alibaki siku mbili za ziada bila kuzidai. Kampuni nyingine ningeisubiri wiki kumi na moja nikiwa na chupa mkononi.

Sasa manung'uniko yangu, na si madogo.

La kwanza ni pizomita. Tunazo 12, ni mirija ya kupimia maji yamepanda kiasi gani ndani ya ukuta. Ukuta wetu uliinuliwa mara tatu kwa kupanda kuelekea ndani, juu ya tope lenyewe, namna ileile ya Stava na Brumadinho, ambayo Brazili iliipiga marufuku mwaka 2019. Kwenye ukuta kama huo kiwango cha maji ndani ndicho kila kitu, kwa sababu tope lililolowa kupita kiasi linaweza kugeuka uji kwa sekunde. Waligundua kuwa namba 4 imeziba, maana ilisoma namba ileile miezi saba, kiangazi na masika. Vizuri. Lakini namba 9 nayo imeziba na wakaichukua kama ilivyo, wakaiingiza kwenye hesabu za uimara. Niliigundua mwenyewe baada ya wao kuondoka: nikamimina maji kwenye mrija, nikakaa, nikavuta muda, maji hayakushuka hata kidole. Jaribio la nusu saa na ndoo. Watu waliobeba droni walishindwa kubeba ndoo. Nilipowaandikia walikiri na kurudia hesabu bila malipo, ila mimi ndiye niliyekamata.

La pili, ramani. Wametengeneza ramani nzuri za tope litakavyopita, mara mbili: likipasuka siku ya jua, na likipasuka wakati wa mafuriko. Muda wa kufika kantini, chini ya dakika 2. Kivukoni, dakika 11. Nyumba ya kwanza, dakika 26. Haya ndiyo maarifa yenye thamani kuliko yote kwenye ripoti, nao wameyachapa kwenye karatasi ndogo, rangi ya samawati iliyopauka juu ya kijani kilichopauka, na kantini ni nukta. Mlinzi wa usiku atasoma nini pale kwa tochi? Nimeichora upya kwa mkono kwenye ubao wa mbao mita moja kwa mbili.

La tatu, orodha ya simu za dharura iliwekwa ukurasa wa 131, na jina la pili ni la msimamizi aliyeacha kazi kabla hata hawajafika. Waliinakili kutoka kwenye mpango wetu wa zamani. Hiyo ndiyo nyota iliyoondoka.

Lakini niwatendee haki kwa jambo moja lililotokea faragha. Ripoti ikiwa bado rasimu, shemeji alimpigia mhandisi simu, mimi nikiwepo ofisini, akauliza kwa upole kama "Juu" haiwezi kusomeka daraja la pili, kwa kuwa kantini tunapanga kuihamisha. Anayelipa ni sisi, na wote tulilijua hilo. Akajibiwa: ihamisheni kwanza, niiteni, nitahesabu upya, ila nyumba tano hazihami, zina watu 27, kwa hiyo bado ni Juu. Simu haikufika dakika tatu. Mwaka 1972 kule Buffalo Creek, Marekani, bwawa la taka za makaa ya mawe lilikaguliwa na kuonekana linaridhisha. Siku nne baadaye lilipasuka likaua watu 125. Ukaguzi wa kumridhisha mtu tumewahi kuununua, ule wa dakika arobaini, na ulikuwa rahisi sana.

Siku ya kusomewa ripoti Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akaiteremsha ile fremu. "Kwa hiyo miaka tisa nimetundika uongo ukutani?"

"Siku ile, Mama, kwa upande wa mgodini huenda ilikuwa kweli," mhandisi akamjibu. "Kantini hamkuwa mmeijenga. Bwawa halikubadilika, mlihamia chini yake."

Je, nawapendekeza? Ndiyo, kwa mgodi wa mtu binafsi usio na mhandisi wake, kwa masharti. Wapeni rekodi zenu zote lakini jaribuni vipimo vyenu kwanza, msiwaachie. Wadaini ramani kubwa. Someni orodha ya simu kwa sauti, mkipiga kila namba. Na waulizeni ni nani atakayeshuka kwenye kitako cha ukuta. Wakisema droni inatosha, tafuteni wengine.

Kantini sasa iko upande wa pili wa kilima. Vyumba vya nguo bado, tunavimaliza mwezi ujao, na mpaka hapo zamu zinabadilishana getini. Utoro wa maji umepanuliwa, ingawa kichwa chake bado kinasubiri zege. King'ora cha nyumba tano kimefungwa kwenye nyumba ya tatu, kina taa inayowaka pamoja na sauti kwa ajili ya yule bibi. Kilipojaribiwa mara ya kwanza alitoka nje akiwa na mkoba wake tayari, akakasirika kuambiwa ni majaribio.

Daftari langu ni jipya, lina safu tano. Leo asubuhi: saa 12:40, hakuna mvua, lita 14 kwa dakika, chupa imekaa nusu saa juu ya jiwe, maji safi. Jana jioni niliandika "safi, na shaka kidogo", nikabaki na ile chupa. Iko dirishani, sijaimwaga.